Kirusi kinapoingia ndani ya neno: Funzo la filamu 'Pontypool' kwetu sisi watu wa lugha

Mimi si mpenzi wa filamu za mazombi. Ukinikuta mbele ya runinga usiku, ujue ni taarifa ya habari au ni mechi. Kwa hivyo mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliponijia ofisini na kuniambia, "Prof, kuna muvi ya mazombi lazima ucheki, ni ya isimu," nilicheka. Isimu na mazombi wapi na wapi? Nikamwambia mazombi ninaowajua ni wale wanaosinzia katika mhadhara wangu wa saa nane mchana.

Filamu yenyewe ni Pontypool. Ilitoka mwaka 2008 nchini Kanada, ikaongozwa na Bruce McDonald. Mswada uliandikwa na Tony Burgess kutokana na riwaya yake mwenyewe, Pontypool Changes Everything. Nimeitazama mara tatu sasa: mara ya kwanza kwa ubishi, ya pili nikiwa na kalamu na daftari, na ya tatu pamoja na darasa langu. Natahadharisha mapema kwamba siwezi kueleza thamani yake bila kugusia inavyokwisha. Asiyetaka kuharibiwa uhondo na aitazame kwanza, kisha arudi hapa.

Ni asubuhi ya Februari 14, siku ya wapendanao. Nje theluji inaanguka bila kukoma. Grant Mazzy (Stephen McHattie), mtangazaji machachari aliyeporomoka kutoka vituo vikubwa, sasa anapata riziki katika kituo kidogo cha redio kilicho chini ya kanisa, katika kijiji cha Pontypool, mkoa wa Ontario. Anafanya kazi na mtayarishaji wake, Sydney Briar (Lisa Houle), na binti anayesimamia mitambo, Laurel-Ann (Georgina Reilly). Habari zao ni zile za kijijini: shule zilizofungwa, hali ya barabara, paka aliyepotea. Mara ripoti za ajabu zinaanza kuingia. Mwanahabari wao aliyeko nje, Ken Loney, anapiga simu akihema: umati umezingira jengo la daktari mmoja, Dkt Mendez. Watu wanarudiarudia maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha wanaumana.

Hapa ndipo uhaba wa pesa unapogeuka kuwa nguvu ya filamu. Kamera karibu haitoki kituoni. Ule umati hatuuoni kwa muda mrefu, tunausikia tu. Hata helikopta ambayo Loney hudai anaripoti kutoka ndani yake ni uongo. Kumbe bwana huyu hukaa garini mwake juu ya kilima akicheza mlio wa helikopta uliorekodiwa! Kichekesho hicho kidogo kinatuelekeza namna ya kuitazama filamu nzima. Kila tunachokijua kuhusu maafa haya kimepitia kinywani mwa mtu, na hatuna pa kukihakiki. Filamu nyingi za aina hii, tangu Night of the Living Dead ya George Romero mwaka 1968, hututisha kupitia macho. Hii inatutisha kupitia masikio. Anayekumbuka kisa cha Orson Welles mwaka 1938, alipoigiza redioni uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi na baadhi ya wasikilizaji wakadhani ni habari za kweli, atautambua ukoo. Si ajabu kwamba Pontypool nayo ilitayarishwa pia kama mchezo wa redio.

Je, maradhi yanaambukizwaje? Hayapiti kwenye meno, damu wala hewa. Yanapita katika lugha. Kirusi kimeingia ndani ya Kiingereza, na si katika maneno yote bali katika baadhi tu, hasa yale ya mahaba ambayo watu huambiana bila kufikiri. Kulisikia neno hakutoshi kukudhuru. Ni lazima ulielewe, maana ni katika kuelewa huko ndiko kirusi huzaliana. Dalili ya kwanza ni kukwama kwenye neno moja. Ya pili ni usemi kuvurugika, mgonjwa asiweze kusema anachokusudia. Ya mwisho ni kukata tamaa kabisa, hadi mtu anajaribu kutokea kupitia kinywa cha mwenzake kwa kukitafuna. McDonald mwenyewe alikataa kuwaita watu hawa mazombi. Aliwaita waongeaji.

Tukio lililonigusa zaidi ni la Laurel-Ann. Ni binti tuliyekwisha kumzoea, mcheshi na hodari wa kazi. Anaanza kusema kwamba Bwana Mazzy amepotea, ilhali Mazzy yuko mbele yake. Analirudia neno hilo la kupotea mara nyingi, kisha anaanza kuiga mlio wa birika linalochemka, na hatimaye anajigonga kwenye kioo cha chumba cha kutangazia. Aliyewahi kumuuguza mzazi aliyepigwa na kiharusi, akamwona akitafuta jina la mwanawe bila kulipata, hatacheka hapa. Kitishacho ni kumwona mtu yungali ndani, anagonga, na maneno yake hayamfungulii tena mlango.

Wazo hili halikuzuka hewani. Jaribu nyumbani: chukua neno la kawaida, tuseme 'sufuria', ulitamke mara hamsini mfululizo. Punde litaacha kuwa chombo cha kupikia, liwe sauti tupu. Leon Jakobovits alilichunguza jambo hili katika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1962, nchini humohumo Kanada. Kiswahili kina kitenzi kinacholifaa vizuri: kukinai. Mtu hukinai chakula alichokila kupita kiasi, na sikio nalo hukinai neno. Pontypool inauliza: je, ikiwa jamii nzima imekinai maneno yake na bado inaendelea kuyatamka?

Hebu kwanza tutue kwenye jina. Neno zombi limetufikia kupitia Haiti, na wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo na Angola. Yaani ni mjukuu wa Kibantu aliyerudi nyumbani na pasipoti ya Marekani. Lakini Kiswahili kina maneno yake, ndondocha na msukule, yanayosikika zaidi nchini Tanzania. Katika masimulizi, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi ili amtumikie. Na ili asije akasema yaliyomfika, hukatwa ulimi.

Tazama tofauti hiyo. Waongeaji wa Pontypool wana ulimi ila hawautawali tena. Msukule wetu hana ulimi kabisa. Waliotunga masimulizi hayo walijua kwamba ukitaka kumfanya mtu mtumwa, huanzi na mikono yake. Naomba msomaji aiweke picha hiyo akilini, kwa sababu katika filamu tiba ya kwanza inayopendekezwa ni hiyohiyo: nyamazeni.

Tangazo la wakuu linaingia ghafla kwa Kifaransa na kuyakatiza matangazo ya kituo. Laurel-Ann analitafsiri, Mazzy analisoma hewani kwa sauti yake nzito. Epukeni kuzungumza na jamaa wa karibu. Epukeni maneno ya mahaba. Epukeni lugha ya kuwabembeleza watoto. Kwa usalama zaidi, epukeni Kiingereza. Na sentensi ya mwisho: tafadhali msiutafsiri ujumbe huu. Ameshausoma! Darasa langu liliangua kicheko, halafu likanyamaza. Wakuu wametoa orodha ya maneno ya hatari, na njia pekee ya kuitangaza orodha hiyo ni kuyasambaza maneno yenyewe kwa lugha iliyoambukizwa.

Tiba ya pili ni kuhama lugha. Mazzy na Sydney wanakimbilia Kifaransa chao cha shuleni, kibovu, cha kuokoteza. Nchini Kanada jambo hili si mzaha mtupu. Kiingereza na Kifaransa zimekuwa lugha rasmi za taifa hilo kwa sheria ya mwaka 1969, na Quebec ikapitisha Sheria ya 101 mwaka 1977 kukilinda Kifaransa kisimezwe. Ndiyo maana mtangazaji wa BBC anapompigia Mazzy simu, jambo linalomjia akilini ni vurugu za wanaotaka kujitenga. Ulimwengu hauoni maradhi ya lugha. Unaona siasa za lugha tu.

Kuna tabaka jingine ambalo filamu hailigusi ila jina la kijiji linalibeba. Pontypool ya Kanada ilirithi jina la mji wa Pontypool nchini Wales, na jina hilo limetokana na Kiwelisi, ambamo 'pont' ni daraja. Katika karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyepatikana akisema Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni. Alikivua pale tu alipomnasa mwenzake akitenda 'kosa' hilo, akamvisha yeye. Aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa zaidi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaandika haya kuhusu shule za Kenya katika Decolonising the Mind mwaka 1986. Sisi wengine tulikiita kibao, wengine diski, wengine monto. Mimi nilikivaa nikiwa darasa la nne, kwa sababu ya kumwomba mwenzangu maji kwa lugha ya mama. Jioni nilikuwa bado sijapata wa kumvisha, au niseme kweli, nilimpata lakini alikuwa ndugu yangu.

Kile kibao kilikuwa nini ila nadharia ya maambukizi? Lugha ya mama ilihesabiwa kuwa maradhi, yakapita kutoka mtoto hadi mtoto, na kila mtoto akawa mpelelezi wa kinywa cha mwenzake. Pontypool inaipindua nadharia hiyo juu chini. Sasa Kiingereza ndicho kirusi, na mtu wa kijiji chenye jina la Kiwelisi ndiye anayeambiwa na serikali yake afunge mdomo.

Najua kuna watetezi wa Kiswahili watakaoshangilia hapa. Eti kumbe! Kiingereza kinaoza, tuhamieni kwetu. Pole pole. Filamu haiungi mkono furaha hiyo. Katika Kifaransa chao cha kuokoteza, Mazzy na Sydney wanaweza kubaki hai, lakini hawawezi kuambiana kitu chochote cha maana. Lugha waliyohamia imewahifadhi kwa sababu tu hawaielewi vyema. Hiyo ni karantini. Si tiba. Na isitoshe, Kifaransa nacho kilifika kule kwa merikebu. Lugha ya Wamississauga, wenyeji wa sehemu hiyo ya Ontario kabla ya Waingereza na Wafaransa, haisikiki katika filamu hii hata mara moja.

Tiba ya tatu ndiyo kiini cha filamu. Sydney mwenyewe anaambukizwa, na neno linalomkwama ni kitenzi cha kuua. Mazzy hamzibi mdomo wala hamrudishi kwenye Kifaransa. Anamkabili kwa Kiingereza kilekile. Anamwambia kuua hakumaanishi kuua. Anatapatapa, anajaribu hiki na kile, mpaka anafika kwenye neno linalokaribiana nalo kwa sauti: kuua ni kubusu. Anamrudia, anamshawishi, hadi neno linalegea na Sydney anarejea. Wanaisimu tumefundisha tangu kitabu cha Ferdinand de Saussure cha mwaka 1916 kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa kinasibu, wa makubaliano tu. Nimelisema hilo ubaoni kwa miongo mitatu na sijawahi kuona mtu akiokolewa nalo. Kwa bahati, Kiswahili kingemrahisishia Mazzy kazi. Kwetu 'ua' la kunusa na 'ua' la kumtoa mtu roho hutamkwa vilevile!

Na anayetoa tiba hiyo ni nani? Ni mtangazaji aliyejijengea jina kwa kuchokoza watu hewani. Mwanzoni tunamwona akitafuta cha kuwaudhi wasikilizaji wake saa hiyo ya asubuhi, na Sydney akimvuta shati. Kwa maneno mengine, yeye ni mmoja wa waliokuwa wakiyachosha maneno ya kijiji. Mwishoni anarudi kwenye kipaza sauti kuyavuruga maneno ili yafikiriwe upya, huku wakuu nje wakihesabu kurudi nyuma kwa Kifaransa, tayari kulipua. Hatuhakikishiwi kwamba alimponya yeyote zaidi ya Sydney. Napenda kwamba McDonald hakutudanganya hapo.

Filamu ina kasoro zake. Dkt Mendez anaingia kupitia dirishani kana kwamba ametumwa na mwandishi aje kutufafanulia, na kwa robo saa hivi tunasikiliza mhadhara. Nasema hivi mimi ninayeishi kwa mihadhara. Kile kikundi cha waimbaji waliovalia kama Waarabu ni mzaha uliochacha mapema. Na kuna swali ambalo hadithi inalikwepa: watu wengi wanaotumia Kiingereza duniani leo si wazawa wa lugha hiyo. Sisi tunaoelewa nusu kwa Kiingereza na nusu kwa lugha nyingine, kirusi kingetupata au kingetukosa? Hapo kulikuwa na filamu nyingine nzima, na ninatamani mmoja wa vijana wetu wa Nairobi au Mombasa aitengeneze. Pesa nyingi hazihitajiki. Chumba kimoja na redio vinatosha.

Kwetu redio si pambo la hadithi. Mwaka huohuo wa 2008, wakati Pontypool ilipokuwa ikitoka, Tume ya Waki iliwasilisha ripoti yake kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa zilizoeneza chuki. Maneno yaliyotumika nchini wakati ule hayakuwa mapya. Kwekwe ni magugu ya shambani. Madoadoa ni yale ya ng'ombe, ya chui, ya kanga. Yalirudiwarudiwa hadi yakakosa ng'ombe na shamba, yakabaki na jirani tu.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ilichapisha orodha ya maneno yanayoweza kuchochea chuki, madoadoa yakiwemo. Siilaumu tume hiyo. Anayezima moto hachagui ndoo. Lakini tuitazame orodha kwa jicho la Pontypool. Kwanza, ili kulikataza neno ilibidi kulitangaza kote. Pili, mwenye chuki hakosi neno jingine kesho. Na tatu, orodha ikiwa ndiyo tiba ya pekee, tunabaki na watu waliokatwa ndimi badala ya watu waliopona.

Baada ya orodha hiyo kutoka, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku ile. Mwanafunzi wake alikuwa ameandika insha kuhusu mifugo ya nyanya yake, na ndani yake kulikuwa na sentensi: "Kanga wa nyanya wana madoadoa mazuri." Mwalimu alishika kalamu nyekundu, akasita. Afanyeje? Alikuwa na watoto wa jamii tofauti darasani, na baadhi ya wazazi wao walikuwa wamehama makwao mwaka ule wa ghasia. Nilimwambia atumie busara, jibu ambalo sisi maprofesa hulitoa tukiwa hatuna jibu.

Leo ningemjibu hivi. Mwalimu, usilikate neno la huyo mtoto. Lisome mbele ya darasa. Waulize watoto kanga anafananaje, nani amewahi kuokota unyoya wake, madoa yake yana rangi gani. Wachore. Na siku wakiwa wakubwa vya kutosha, waeleze pia lile neno lilitumiwaje na nani aliumia, wala usiwafiche. Mtoto aliyekwisha kumshika kanga mkononi ana maana yake mwenyewe ya neno hilo, na atakayekuja kumpa nyingine kwenye mkutano wa siasa au hewani atamkuta hana nafasi.

Filamu hii inapatikana kwa urahisi, ni ya saa moja na nusu hivi, na damu yake si nyingi kwa kulinganisha. Walimu wa isimu wa vyuo vikuu wanaweza kuitumia wanapofundisha semantiki. Itazameni usiku, taa zikiwa zimezimwa, sauti ikiwa juu. Yule mwanafunzi wangu sasa anaandika tasnifu kuhusu istilahi za chuki katika redio zetu, na ameniomba niwe msimamizi wake. Nimekubali, kwa sharti kwamba asiniite tena kutazama mazombi siku ya mechi.